Ndani ya Kopo la Viungo vya Kithai: Kilichomo, Kisichokuwamo na Kazi Inayobaki kwa Mpishi

Lalamiko ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa watu wanaojaribu mapishi ya Thailand nyumbani ni la namna moja. Mtu amenunua kopo la viungo dukani, amelimimina ndani ya tui linalochemka, amengoja, na mwisho wa yote amepata mchuzi wenye rangi nzuri lakini wenye ladha ya ubichi, chumvi iliyozidi na uchungu unaobaki ulimini muda mrefu baada ya kumeza. Wengine huamua kwamba kopo lilikuwa bovu, na wengine huamua kwamba chakula cha Wathai hakitufai sisi. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilimwaga sufuria nzima, na iliniuma, kwa sababu nazi nilikuwa nimeikuna kwa mkono. Tangu hapo nimepika mapishi haya kwa miaka mingi, na nimeridhika kwamba kopo lenyewe halina kosa. Kosa ni kwamba hatukuelezwa ndani yake mna nini, na hasa hamna nini.

Tuanze na majina, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Neno la Kithai kaeng, ambalo wengine huliandika gaeng, hutafsiriwa na wageni kuwa kari, lakini linabeba mengi zaidi ya hiyo kari. Kaeng ni chakula cha majimaji kilichoungwa kwa viungo vilivyotwangwa, kiwe na tui au kisiwe nalo, kiwe kizito au chepesi. Msemaji wa Kiswahili hapati tabu na wazo hilo, kwa kuwa neno letu mchuzi hufanya kazi ileile: mchuzi wa nazi, mchuzi wa nyanya na mchuzi mwepesi wa samaki wenye ndimu yote ni michuzi. Tom, kwa upande mwingine, maana yake ni kuchemsha. Supu ambazo majina yake huanza na neno hilo, kama vile tom yam na tom kha, ni ukoo mwingine wenye njia yake ya kupikwa, na mtu anayezipika kwa njia ya kaeng huharibu vyote viwili.

Hivyo viungo vilivyotwangwa ndivyo nitakavyoviita pesti katika makala haya, kwa kuwa neno hilo limeshazoeleka kwa wanunuzi wa pesti ya nyanya. Wathai huviita khrueang kaeng, au nam phrik kaeng. Pesti ni viungo vyenye unyevu, vingi vikiwa vibichi, vilivyopondwa kinuni hadi vikawa uji mzito unaoshikana. Nyekundu ya kawaida huwa na pilipili kavu, vitunguu saumu, vitunguu vidogo vyekundu, mchaichai, galangali, ganda la ndimu ya makrut, mizizi ya kotmiri, pilipili manga, chumvi, na kapi, yaani uduvi uliochachushwa kwa chumvi na kusagwa. Galangali ni ndugu wa tangawizi, mgumu kidogo zaidi, mwenye harufu kali ya utomvu wa msonobari. Waarabu huiita khulanjan, na baadhi ya maduka ya dawa za asili ya pwani huiuza ikiwa kavu. Ndimu ya makrut ni tunda lenye ganda la makunyanzi ambalo hutumiwa kwa harufu ya ganda lake na majani yake, wala si kwa maji yake, ambayo ni machache. Kwa Kiingereza tunda hili liliitwa kwa muda mrefu kwa jina linalotokana na neno kafiri, neno ambalo Afrika Kusini liligeuka kuwa tusi zito la ubaguzi, na ndiyo sababu vitabu na maduka mengi siku hizi yameacha jina hilo na kutumia makrut.

Sasa angalia orodha hiyo tena. Karibu kila kilichomo ni kitu ambacho sisi wenyewe tusingethubutu kukila kibichi. Hapo ndipo watu wengi hujikwaa, kwa kudhani kwamba pesti ni sawa na bizari ya mchuzi. Bizari ni unga mkavu, na mara nyingi viungo vyake vimeshakaangwa kabla ya kusagwa, hivyo unaweza kuinyunyiza hata mchuzi unapokaribia kuiva na bado ukapata harufu yake. Pesti inafanana zaidi na kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja, vile tunavyoviandaa kabla ya kupika pilau. Hakuna mpishi wa pilau anayetia kitunguu saumu kibichi sufuriani dakika tano kabla ya kupakua na kutarajia kusifiwa. Hukikaanga kwanza, akangoja harufu ibadilike, ndipo akaendelea. Pesti inataka heshima hiyohiyo.

Kabla sijafika jikoni, niondoe dhana moja inayowafanya watu waone haya. Inasemwa kwamba mpishi halisi wa Kithai hutwanga viungo vyake mwenyewe, na kwamba kununua ni uvivu wa wageni. Wako wanaotwanga, na pesti iliyotoka kinuni asubuhi hiyo haina mfano. Hata hivyo, ukiingia katika soko la chakula karibu popote Thailand utakuta meza za wauzaji wa pesti, kila aina imerundikwa katika beseni kama vichuguu vya rangi nyekundu, kijani na manjano, na wenyeji wakipimiwa gramu chache za chakula cha siku hiyo. Wanaonunua pale ni mama wa nyumbani na wenye migahawa. Tofauti kati yao na sisi ni kwamba pesti yao ni ya jana au ya leo, na yetu imesafiri ikiwa imefungwa katika kopo dogo la gramu 114 kama lile la Maesri, au katika chombo cha plastiki cha gramu 400 kama kile cha Mae Ploy, ikiwa na chumvi ya kutosha kuilinda isiharibike.

Rangi nazo zinahitaji maneno machache. Pesti nyekundu hupata rangi yake kwa pilipili kavu, ya kijani kwa pilipili mbichi, na ya manjano kwa manjano yenyewe pamoja na bizari. Watu wengi hudhani nyekundu ndiyo kali kuliko zote na kijani ni ya upole, labda kwa sababu kijani hutukumbusha mboga. Mara nyingi mambo huwa kinyume, kwa kuwa ya kijani hutengenezwa kwa pilipili ndogo mbichi zinazofanana na pilipili kichaa zetu, wakati nyekundu hutumia pilipili ndefu kavu ambazo huwa na rangi nyingi kuliko ukali. Jina la Kithai la mchuzi wa kijani, kaeng khiao wan, lina neno wan, yaani tamu, na watu wameshatia sukari kupita kiasi kwa sababu ya neno hilo. Utamu unaosemwa pale ni wa rangi: kijani laini, cha kupendeza macho.

Pesti ya massaman inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu msomaji wa pwani akiifungua na kuinusa atahisi yuko nyumbani. Ndani yake, pamoja na mchaichai na galangali, mna bizari nyembamba, giligilani, mdalasini, iliki, karafuu na kungumanga. Ni viungo vya pilau. Jina lake linatokana na namna ya zamani ya kumwita Mwislamu, na asili ya mchuzi huo inahusishwa na wafanyabiashara Waislamu wa Kiajemi, Kihindi na Kimalai waliofika Siam, kama Thailand ilivyoitwa zamani, kwa njia ya bahari, bahari ileile iliyoleta viungo hivyohivyo Mombasa na Unguja. Shairi la kifalme linalohusishwa na mfalme Rama wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 1809 hadi 1824, tayari linausifu mchuzi huo na harufu ya bizari yake. Hupikwa kwa nyama, viazi na karanga, hutiwa ukwaju, na ni wa upole. Kwa anayeanza, na hasa kwa nyumba yenye watoto, ningemshauri aanze na huu.

Pilipili zenyewe ni wageni kule kama zilivyo wageni kwetu. Zilitoka Amerika, na Wareno, ambao walikuwa wamefika Mombasa mwaka 1498 na Ayutthaya, mji mkuu wa Siam, mwaka 1511, ndio hutajwa kuwa waliozisambaza. Kabla yake ukali ulitoka katika pilipili manga. Zilipoingia zile mpya zilichukua jina la zamani, na ile ya zamani ikabidi ipewe nyongeza ili itambulike: Wathai wakaiita phrik thai, pilipili ya Kithai, na sisi tukaiita pilipili manga, pilipili ya Uarabuni. Mataifa mawili yaliyo mbali hivyo yalikutwa na jambo lilelile, na kila moja likalitatua kwa namna moja.

Kukata tui kwa makusudi

Sasa tuingie jikoni, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo chakula kinapopatikana au kupotea.

Tui kwa macho ni kitu kimoja cheupe. Kwa hakika ni matone madogo mno ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na kila tone limezungukwa na protini za nazi zinazolizuia lisiungane na jirani yake. Moto ukizidi, protini hizo huganda na kuachia, matone huungana, na mafuta hujitenga. Hilo ndilo tunaloliita tui kukatika, na kila aliyekulia katika jiko la pwani alifundishwa kuliogopa: koroga bila kuacha, usifunike sufuria, punguza moto. Mchuzi wa samaki wa nazi uliokatika hauletwi mbele ya wageni.

Mpishi wa Kithai anayepika kaeng ya tui anataka likatike, na analikata kwa makusudi, mwanzoni kabisa, kabla ya kitu kingine chochote. Wana neno lake, taek man, mafuta kujitoa. Sababu yake ni ya kisayansi na ni rahisi kuielewa. Kitu chenye maji yanayochemka hakipandi joto kupita nyuzi 100 au karibu na hapo. Maadamu maji yapo, viungo vinachemka tu, havikaangiki. Maji yakishakauka na kubaki mafuta, joto hupanda, na ndipo kitunguu saumu hupoteza ubichi, kapi hupoteza harufu yake ya bandarini na pilipili hugeuka kutoka ukali mtupu kuwa ladha. Zaidi ya hayo, harufu za mchaichai, galangali na makrut, pamoja na kapsaisini, kile kinachowasha ndani ya pilipili, huyeyuka katika mafuta vizuri kuliko katika maji. Ukikaanga pesti katika mafuta ya nazi, mafuta hayo huzibeba harufu hizo na kuzisambaza katika sufuria nzima. Ukiimimina katika tui jepesi linalochemka, sehemu kubwa hubaki imefungwa ndani ya vipande vya viungo, na utaionja kama mchanga wenye uchungu.

Kwa anayekuna nazi mwenyewe, kazi hii ni nyepesi kuliko kwa Mzungu mwenye kopo, na sielewi kwa nini hatujivunii jambo hilo. Kamua kasimile, yaani tui zito la kwanza, uliweke kando. Kisha tia maji ya uvuguvugu katika machicha, ukamue tui la pili kwa ajili ya baadaye. Mimina kasimile kiasi cha kikombe kimoja katika sufuria pana, moto wa wastani, na uache lichemke huku ukilitazama. Mwanzoni litatoa mapovu makubwa ya maji. Baada ya dakika tano hadi nane hivi mapovu yatakuwa madogo na mazito, na sauti itabadilika kutoka ya kuchemka kuwa ya kukaanga. Utaona mafuta maangavu yakijitokeza pembezoni. Hapo tia pesti. Ivunjevunje kwa mwiko, ukiigeuza bila kuacha, kwa dakika tatu hadi tano, mpaka rangi ikolee na harufu ikuandame hadi sebuleni. Mafuta yenye rangi ya pesti yakianza kujitenga na viungo, umefika.

Tui la kopo lina tabia yake. Viwanda vingi huongeza viambato vya kulizuia lisijitenge, ili lionekane zuri unapofungua, na tui la namna hiyo linaweza kuchemka nusu saa bila kutoa tone la mafuta. Watu huongeza moto, huongeza subira, mwishowe huunguza. Soma lebo: likiwa limeandikwa nazi na maji peke yake, usilitikise kopo, chota utando mzito wa juu na ulikate kama nilivyoeleza. Likiwa na viambato vya ziada, usilipiganie. Tia vijiko viwili vya mafuta ya kupikia, kaanga pesti humo kwa moto mdogo, na uongeze tui kidogokidogo pale inapotaka kushika chini. Wapishi wengi wa Kithai wenyewe hufanya hivyo wanapokuwa na haraka.

Kuhusu kiasi, kwa mililita 400 za tui na nusu kilo ya nyama au kuku, gramu 50 za pesti, sawa na vijiko vitatu vya chakula visivyofurika, zinatosha. Anayeanza atumie viwili. Dhana kwamba pesti nyingi ni ladha nyingi ndiyo iliyoharibu vyakula vingi zaidi ya ubichi, kwa sababu kinachoongezeka kwanza ni chumvi. Ladha ikiwa dhaifu, kwa kawaida dawa yake ni kukaanga vizuri zaidi.

Pesti ikishakaangika, tia nyama, igeuze mpaka ishike viungo, kisha tui la pili, na uache vichemke taratibu. Nyama ya ng'ombe wetu, wengi wakiwa wa malisho na wamekomaa, isitegemewe kuiva ndani ya mchuzi huu. Ichemshe kwanza peke yake mpaka ilainike, bila chumvi au kwa chumvi kidogo sana, na kuku wa kienyeji afanyiwe hivyohivyo. Mboga hufuata kulingana na ugumu wake. Wathai hutumia biringanya ndogo za mviringo zenye uchungu wa mbali, na ngogwe, au nyanya chungu kama wengine wanavyoziita, zinashika nafasi hiyo vizuri kiasi kwamba sioni haja ya kutafuta nyingine.

Kilichoachwa nje ya kopo

Pesti ni nusu ya safari. Haina chumvi sahihi ya mchuzi wako, haina utamu, haina uchachu wala majani mabichi, na mpishi asiyejua hivyo hupakua chakula ambacho hakijamalizika.

Chumvi katika mapishi haya huja kwa njia ya nam pla. Tafsiri yake ya moja kwa moja, mchuzi wa samaki, imewapotosha wasomaji wa Kiswahili, kwa kuwa kwetu mchuzi wa samaki ni chakula kamili cha kula na wali. Nam pla ni kimiminika chepesi cha rangi ya kaharabu, kinachopatikana kwa kuwaweka samaki wadogo wa jamii ya dagaa pamoja na chumvi katika mapipa kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi, kisha kuchuja maji yanayotoka. Wanaofungua chupa hukunja uso na kuifunga. Ningewaomba wakumbuke ng'onda na papa mkavu: harufu ya kiungo kikiwa peke yake haikuambii ladha ya chakula kikiiva. Ndani ya tui harufu hiyo huzama na kuacha utamu wa nyama. Itie mwishoni, kijiko kimoja kwanza, uonje, kwa sababu pesti yenyewe imeshaleta chumvi yake.

Utamu ni wa sukari inayotengenezwa kwa utomvu wa mnazi au mvumo, utomvu uleule ambao kwetu wagema huuacha uchachuke ukawa tembo. Sukari guru ni mbadala mzuri, na kijiko kimoja cha chai kwa sufuria nzima huanza kufanya kazi kabla hata hujauhisi utamu wenyewe.

Uchachu ndio unaoeleweka vibaya kuliko vyote. Imesambaa sana kauli kwamba kila chakula cha Kithai lazima kiwe na ukali, chumvi, utamu na uchachu kwa mizani sawa, na matokeo yake ni watu kukamulia ndimu katika kila sufuria. Mchuzi wa kijani na mwekundu wa tui kwa kawaida hautiwi ndimu. Ni wa chumvi, wenye utamu wa nazi na ukali. Massaman hutiwa ukwaju, na tom yam hutiwa ndimu nyingi. Mizani wanayoisema hukamilishwa na mlo mzima, wenye sahani kadhaa zinazoliwa pamoja na wali, na kila sahani ina kazi yake. Kwa wali, wao wana mchele wao wa hom mali wenye harufu. Aliye na mchele wa Kyela hana cha kukitamani.

Mwisho ni majani. Horapha, majani yanayotupwa sufuriani moto unapozimwa, ni jamaa wa karibu wa mrehani, ule ambao pwani tunaujua zaidi katika vikuba kuliko katika chakula. Konzi moja ya majani hayo ndiyo inayoleta harufu ya ubichi ambayo kopo, kwa sababu limekaa miezi, haliwezi kuihifadhi. Majani ya makrut yakipatikana, hata yaliyogandishwa, yapasulie kati na kuyatia mchuzi ukiwa bado unachemka. Yasipopatikana, kwangua ganda la ndimu ya kawaida kidogo sana, ukijua kwamba umepata kivuli chake.

Supu hazikaangwi

Desemba 2024 UNESCO iliiandika tom yam kung, supu ya kamba yenye uchachu na ukali, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na tangu hapo jina lake limekuwa midomoni mwa watu ambao hawakuwa wakilijua. Pamoja na jina umekuja mkanganyiko: je, pesti ya tom yam na pesti nyekundu si kitu kimoja? Hapana. Pesti ya tom yam ya chupani kwa kawaida imeshapikwa, ina mafuta ndani yake, na imeshatiwa uchachu na sukari. Mara nyingi msingi wake unafanana na nam phrik phao, rojo la pilipili, vitunguu na uduvi mkavu vilivyochomwa na kukaangwa. Ndiyo sababu haihitaji kukaangwa tena. Unaikoroga katika maji ya supu yanayochemka, kijiko kimoja hadi viwili kwa nusu lita, na basi.

Uhai wa tom yam uko katika kile unachochemsha humo. Maji ya kuchemshia vichwa na maganda ya kamba yana thamani kuliko mchemraba wowote wa supu. Mchaichai ukatwe sehemu ya chini, ile nene nyeupe, ugongwe kwa kitako cha kisu na kutiwa mzima. Sisi tumezoea majani yake katika chai, na majani peke yake hutoa harufu ya chai. Kamba hutiwa mwishoni, dakika mbili tu. Ndimu hukamuliwa baada ya sufuria kutoka motoni, kwa kuwa maji yake yakichemka hupoteza harufu na kuingia uchungu. Na wageni waambiwe kwamba vipande vya mchaichai, galangali na majani ya makrut huachwa bakulini. Nimeona mtu akitafuna mchaichai kwa adabu mpaka machozi yakamtoka.

Tom kha, supu ya kuku, tui na galangali, inaturudisha katika malezi yetu. Hapa tui halikatwi. Moto mdogo, kukoroga, kutofunika: yote tuliyofundishwa na bibi zetu yanatumika neno kwa neno, kwa sababu supu hii inatakiwa iwe laini na nyeupe. Vilevile iko michuzi ya kaeng isiyo na tui kabisa, kama kaeng som ya samaki na ukwaju, ambayo pesti yake huyeyushwa tu katika maji yanayochemka, na kaeng pa, mchuzi wa msituni, mkali kupita kiasi. Kwa hiyo swali la kujiuliza unaposhika kopo lolote ni moja: chakula hiki kina tui linalokatwa, tui lisilokatwa, au hakina tui? Jibu la swali hilo ndilo litakalokuambia ukaange au uchemshe.

Tahadhari moja haina nafasi ya kupuuzwa. Chakula kinachoitwa cha mboga kinaweza kuwa na uduvi ndani ya pesti, na nam pla juu yake. Mwenye mzio wa kamba anaweza kudhurika vibaya sana kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo lebo isomwe kila unaponunua, hata kama ni kopo lilelile, maana viwanda hubadilisha viambato. Kwa Mwislamu, bidhaa nyingi za Thailand hubeba nembo ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la nchi hiyo, na kuitafuta nembo hiyo ni rahisi kuliko kukisia. Na mgeni akizidiwa na pilipili mezani, maji hayatamsaidia, kwa sababu kinachowasha hakiyeyuki katika maji. Mpeni maziwa, au wali mweupe.

Pesti iliyobaki iondolewe katika bati, iwekwe katika chupa safi na kuhifadhiwa jokofuni, au igandishwe kijiko kwa kijiko katika trei ya barafu. Baada ya wiki kadhaa ladha yake itakuwa imefifia, na hapo ndipo kinu kinaporudi. Twanga bua moja la mchaichai lililokatwa laini, punje tatu za kitunguu saumu, kitunguu kidogo chekundu na mizizi ya kotmiri iliyooshwa vizuri, kisha changanya na vijiko viwili vya pesti ya dukani kabla ya kuikaanga. Ni kazi ya dakika kumi. Kopo limekufanyia yale magumu, pilipili kavu na galangali na kapi, na wewe umelirudishia ubichi wake.